Uzi: Ufa kwenye risiva ya bunduki ya Lee-Enfield ya 1917 ya maonyesho. Umetoka wapi, na tuuguse au tuuache?

#1 Nyanza_Hifadhi (Kisumu)
Habari zenu wanajukwaa. Kuna Lee-Enfield fupi, No. 1, inayosafishwa hapa Kisumu kabla ya kurudi kwenye chumba cha kumbukumbu cha shule moja upande wa Kisii. Mtutu umezibwa, kichwa cha bolti (komeo linalofunga nyuma ya risasi) hakipo, karatasi za polisi ziko kamili. Haitapiga tena na hakuna anayetaka ipige.

Tatizo ni risiva, yaani mwili wa chuma unaobeba bolti na mtutu. Ukutani upande wa kushoto kuna mstari wa milimita 28 hivi, unaanzia chini ya mguu wa daraja la chaja (kipande kinachovuka juu ya risiva na kushika klipu ya risasi) na kushuka kuelekea kwenye mbao. Mguu huo wa daraja umeinuka karibu milimita moja na chini yake kumejaa kutu nyeusi. Nyuma zaidi, kwenye soketi ya kitako (pale kitako cha mbao kinapoingia), kuna kibonge cha welding cha saizi ya punje ya hindi. Kwenye mtutu, pale unapoingia kwenye risiva, kuna alama za meno ya spana ya bomba. Mashimo ya kutu ni mengi juu ya pete ya risiva (sehemu ya mbele unakoingia mtutu), mengine yana kina cha kama nusu milimita.

Alama zinazosomeka upande wa kulia wa soketi: taji, GR (herufi za Mfalme George), kisha "…S.A. C…" halafu 1917, ShtLE (kifupi cha Lee-Enfield fupi), III na nyota. Kadi iliyokuja nayo inasema iliangushwa kwenye vita vya Kisii.

Maswali ni mawili. Ufa umesababishwa na nini? Na je, uzibwe?

#2 Mtunza_Zamu (msimamizi)
Kabla hamjaendelea. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, bunduki mbovu haiachi kuwa bunduki kwa sababu ina kutu. Risiva yenye namba ndiyo roho ya silaha mbele ya sheria. Anayeokota au kurithi kitu kama hiki akipeleke kituo cha polisi kilicho karibu. Masuala ya leseni ni ya Bodi ya Leseni za Silaha. Hapa tunazungumzia uhifadhi. Picha za namba zifunikwe. Hatutajadili kuifanya ifanye kazi.

#3 FundiMoto (Nakuru)
Asante kwa maelezo yaliyonyooka. Huo ni uchovu wa chuma. Lee-Enfield hufungia nyuma, si mbele kama bunduki za Mauser. Risasi ikilipuka, bolti inasukuma nyuma kwenye jino la kushoto na ubavu mrefu wa kulia, halafu kuta zote mbili za risiva, kuanzia pete ya mbele hadi mabega ya kufungia, zinavutwa kama uzi. Kila risasi, mvuto. Baada ya maelfu ya risasi kona iliyo kali ndiyo inayoanza kupasuka.

Dawa: toboa kitundu cha milimita 2 kwenye ncha ya ufa usiendelee, chimba mfereji, jaza kwa welding ya TIG kwa moto mdogo, sawazisha kwa tupa. Kazi ya asubuhi moja.

#4 Tupa_Laini (Kakamega)
FundiMoto, nakuheshimu kwenye moto lakini hapa punguza mwendo. Mambo matatu.

La kwanza, nguvu unayoieleza ni kweli, ila inaishia kwenye mabega ya kufungia. Ufa wa uchovu tungeutarajia kwenye kona ya bega lenyewe, hasa kulia ambako ubavu wa bolti unaegemea. Huu uko chini ya daraja la chaja, mbele ya bega la kushoto. Haiwezekani kabisa? Sisemi hivyo. Ila si mahali pa kwanza pa kutafuta.

La pili, chuma cha risiva hizi ni cha kaboni ndogo, kimegandishwa ugumu wa ngozi (tabaka jembamba la juu) kwenye nyuso za kufungia tu. Ukipeleka moto karibu, ngozi ngumu inalainika pale ulipopasha na inakuwa kama glasi pale ilipopoa haraka. Mwili nao unapinda. Mtu akiuliza kwa nini risiva iliyochomelewa haiaminiki, jibu ndilo hilo: hujui tena ni wapi pagumu na wapi palaini.

La tatu, kitu cha maonyesho hakibebi mzigo wowote. Ufa usiobebeshwa mzigo hauendelei. Kitundu cha kuzuia kinazuia nini?

Na kabla ya yote: nani amethibitisha kwamba ni ufa?

#5 Kariakor_1917 (Kisumu)
Naomba nitoe kadi kwenye mjadala. Vita vya Kisii vilipiganwa tarehe 12 Septemba 1914. Wajerumani waliingia mjini, kikosi kutoka Kisumu kikawakabili, wakaondoka. Bunduki imeandikwa 1917, na nyota baada ya III (toleo la tatu) inaonyesha mtindo ulioidhinishwa Januari 1916 ili kurahisisha utengenezaji: waliacha shabaha za masafa marefu za pembeni na bati la kuzuia risasi za magazini zisipande. Kitu kilichotengenezwa 1917 hakiwezi kuanguka 1914. Kadi ibadilishwe hata kabla ya kutu kuguswa.

#6 Mvumbuzi_Kitale
Labda risiva ilibadilishwa baadaye? Mwaka kwenye soketi ni wa nini hasa?

#7 Kariakor_1917 (Kisumu)
Mvumbuzi, swali zuri. Soketi ya kitako ni kipande kimoja na risiva, kwa hiyo mwaka ule ni wa risiva yenyewe. Mtutu una tarehe yake na unaweza kuwa mpya zaidi. Ukibadilisha risiva umebadilisha bunduki. Hapo kilichoanguka Kisii ni mbao.

Kuhusu jina la kiwanda: "S.A. C" inaweza kuwa B.S.A. Co. ya Birmingham au L.S.A. Co. Ld. ya London. Tafuta kama kuna "Ld" mwishoni. Ila L.S.A. waliendelea na III isiyo na nyota hadi karibu na mwisho wa vita, kwa hiyo nyota ya 1917 inanisukuma kwa B.S.A. Pia angalia kama kuna mishale miwili mipana ya serikali imegusana ncha kwa ncha. Hiyo ni alama ya silaha iliyouzwa nje ya jeshi, na ingeeleza mengi kuhusu ilivyopita mikononi mwa raia.

#8 Mkulima_Sayansi (Eldoret)
Kuna jambo linajulikana duniani kote kuhusu risiva za zamani za kijeshi kupasuka: zile zenye namba chini ya 800,000 zilichomwa moto kupita kiasi kiwandani, zikawa dhaifu kama chungu. Angalia namba kwanza.

#9 Tupa_Laini (Kakamega)
Mkulima, hiyo ni Springfield ya Marekani, modeli ya 1903. Kikomo cha 800,000 ni cha kiwanda cha Springfield. Cha kiwanda kingine, Rock Island, ni 285,507. Mafundi walipima joto la chuma kwa macho, na siku yenye jua rangi ya chuma huonekana hafifu kuliko ilivyo, wakapitiliza. Zile hupasuka vipandevipande kama chupa. Lee-Enfield haimo katika hesabu hiyo, na namba zake zilianza upya kwa herufi mpya, kwa hiyo namba ndogo haisemi lolote. Usimpeleke mwenzetu msitu usio wake.

#10 Mkulima_Sayansi (Eldoret)
Nimesahihishwa, shukrani. Hata hivyo, hoja ya chuma dhaifu isifutwe kabisa. Kibonge cha welding kiko wapi ukipima kutoka kwenye ufa?

#11 Nyanza_Hifadhi (Kisumu)
Sentimita nne hivi, labda pungufu. Ni welding ya umeme ya kawaida, ina matone yaliyorukia pembeni.

#12 FundiMoto (Nakuru)
Sentimita nne kwa fimbo ya welding ya milimita 2.5 haitoshi kupasua ukuta ule. Eneo linaloharibika kwa joto ni milimita chache tu kuzunguka kibonge. Natetea uchovu. Lakini kuhusu kutochomelea kitu cha maonyesho, Tupa_Laini amenisadikisha nusu.

#13 Chumvi_na_Kutu (Kisumu)
Mnapita jibu lililo wazi. Someni tena #1: mguu wa daraja umeinuka milimita moja na chini yake kumejaa kutu. Daraja la chaja kwenye III ni kipande cha pekee kilichofungwa kwa riveti. Unyevu unaingia kwa mvuto wa kapilari kati ya daraja na ukuta, hautoki, kutu inazaliwa. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na zaidi kutegemea aina. Haina pa kwenda, inasukuma. Nguvu hiyo hiyo ndiyo inayopasua nguzo za zege pale nondo zinaposhika kutu. Riveti inavuta ukuta upande mmoja, kutu inasukuma upande mwingine, ukuta mwembamba unaachia. Na ufa unaanzia wapi? Chini ya mguu wa daraja.

Kama ndivyo, basi ufa UNAENDELEA, Tupa_Laini, hata bila mzigo. Mzigo ni kutu yenyewe. Kila msimu wa mvua unaongeza.

#14 Tupa_Laini (Kakamega)
Hoja nzito, nairudia #4 na kuisahihisha: ufa usiobebeshwa mzigo hauendelei *kama hakuna kutu hai ndani yake*.

Lakini nina mshukiwa wangu: alama za spana ya bomba. Mitutu ya bunduki hizi imekazwa kwa nguvu nyingi. Ukitaka kuifungua unabana mtutu kwa mbao ngumu na kuishika risiva kwa kishikio kilichochongwa kulingana na pete yake ya mbele. Mtu asiye na kishikio hubana risiva nzima kwenye vaisi, au huingiza chuma kwenye nafasi ya magazini na kusokota. Kuta za nyuma ya pete ni nyembamba, zinajisokota kama kitambaa kinachokamuliwa. Zikirudi zinabaki na mpindo, na mahali pa kuachia ni pale penye tundu la riveti. Narudia: tundu la riveti, chini ya daraja.

Kipimo: geuza bunduki, toa mbao za mbele, weka rula ya chuma iliyonyooka kwenye ubapa wa chini wa risiva na nyingine kwenye ubapa wa juu wa mtutu, mbele kidogo ya pete. Chungulia kwa mstari mmoja kama seremala anavyoangalia ubao uliopinda. Rula zisipolingana, ilisokotwa.

#15 Chumvi_na_Kutu (Kisumu)
Zisipolingana, tutajua kwamba ilisokotwa. Hatutajua kwamba ndiko ufa ulikotoka. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

#16 Mbao_za_Mzee (Bungoma)
Subirini! Nyanza_Hifadhi, usitoe mbao kwa kukurupuka. Kosa linaloua Lee-Enfield nyingi kuliko kutu ni hili: watu wanaanza na kitako. Usifungue kitako kabla ya mbao za mbele kutoka. Bolti ndefu iliyo ndani ya kitako ina ncha ya mraba inayojitokeza na kukaa kwenye bati lililo nyuma ya mbao za mbele. Ukiizungusha mbao zikiwa mahali pake, ncha ile inageuka kama ufunguo na kupasua mbao kutoka nyuma. Ufa wa mbao huo hauzibiki vizuri.

Utaratibu: magazini nje. Kofia ya chuma ya mbele nje, ina skrubu yake ya mbele na bolti ya chini. Chukua tahadhari, chini ya mtutu kuna springi ndogo. Bendi ya kati. Kava za juu za mkono. Kisha skrubu mbili za kinga ya kifyatulio. Ndipo mbao za mbele zitoke, zikivutwa chini moja kwa moja na si kwa kuinua mdomo, la sivyo zinavunjika nyuma ambako ni nyembamba.

Bisibisi iwe na ncha iliyonolewa sambamba na ijae mfereji wote wa skrubu. Bisibisi ya duka yenye umbo la kabari inaruka na kula kichwa. Skrubu iliyoshika: mafuta ya gia ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, tone moja, acha usiku kucha, rudia. Na skrubu ikipotea usijaribu ya milimita. Meno ya Enfield ni ya pekee, utakula uzi wa risiva na utakuwa umeongeza uharibifu wa pili kwenye uzi huu.

#17 Mvumbuzi_Kitale
Mbao_za_Mzee akianza kusema mbao, hata wenye chuma wananyamaza.

#18 Mbao_za_Mzee (Bungoma)
Wanyamaze tu, mbao hazina welding.

#19 Mwalimu_Metali (Eldoret)
Habari za jioni. Tupa_Laini aliuliza kitu kwenye #4 na hakuna aliyemjibu: ni ufa kweli? Chuma kilichofuliwa kinaweza kuwa na mkunjo wa zamani tangu nyundoni. Kutu nayo hula kwa mstari pale penye mkwaruzo. Zote huonekana kama ufa kwa jicho tupu.

Kipimo cha bei nafuu ambacho mafundi wa reli walikitumia zamani sana: mafuta ya taa na chaki. Safisha eneo kwa asetoni na brashi laini, acha likauke. Lowesha kwa mafuta ya taa, funika kwa kitambaa kilicholowa, acha usiku mzima. Asubuhi futa mpaka kitambaa safi kitoke kikavu. Saga chaki nyeupe ya ubaoni iwe unga, changanya na spiriti mpaka iwe kama maziwa mepesi, paka safu moja nyembamba. Spiriti inakauka kwa dakika chache. Tazama nusu saa ijayo kwa mwanga wa pembeni. Ufa utalia: mstari mwembamba wa unyevu utajitokeza kwenye weupe. Mashimo ya kutu yatatoa madoa ya duara. Mkunjo wa juujuu utatoa mstari hafifu unaokoma haraka.

Fanya pande zote mbili za ukuta, nje na ndani. Ukitokea mstari ndani pia, umepenya. Na ufanye KABLA ya nta, tanini au kitu chochote. Vikiingia kwenye ufa, mafuta ya taa hayana nafasi.

Kisha chukua kioo cha kukuza mara kumi. Ufa wa uchovu una kingo zilizobanana na njia iliyonyooka. Ufa wa kusukumwa na kutu unakuwa mpana juu, mwembamba chini, na una tabaka za kutu kama kurasa ndani yake. Ufa wa kusokota mara nyingi unakwenda kwa pembe, kuelekea nyuzi 45, si wima.

#20 Nyanza_Hifadhi (Kisumu)
Mwalimu, asante sana. Ufa wetu uko kati, nyuzi 20 hivi kutoka wima.

#21 FundiMoto (Nakuru)
Nyuzi 20 hazimfungi mtu yeyote jela! Kila mmoja wetu anaweza kuidai.

#22 Siki_Tatu (Kisii)
Kwa nini msiondoe kutu yote kwanza ndipo muone? Loweka risiva kwenye siki siku mbili, kutu yote inaachia. Au asidi ya fosforiki ya madukani.

#23 Chumvi_na_Kutu (Kisumu)
Dada Siki, tafadhali hapana. Siki inakula kutu na inakula chuma. Taji na GR vilivyobaki vina kina cha sehemu ndogo ya milimita. Siku mbili zinatosha kuzilaza. Pili, asidi ikifika ndani ya ufa haioshwi. Utasafisha, utapaka nta, na baada ya miezi kutu itatokea kwenye mstari huohuo. Tatu, asidi inazalisha haidrojeni kwenye chuma, na haidrojeni hupenda kukaa kwenye ncha za nyufa na sehemu zilizogandishwa ugumu, inazifanya zivunjike kirahisi.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye chuma kilichozikwa au kukaa sana unyevuni, uso wa asili hauko kwenye chuma kilichobaki. Uko ndani ya tabaka la kutu. Alama unayoitafuta imechorwa kwenye kutu. Ukiondoa kutu yote, umeondoa maandishi.

#24 Umeme_Mdogo (Nakuru)
Elektrolisisi basi. Beseni la plastiki, magadi ya kufulia kijiko kikubwa kimoja kwa lita nne za maji, chaja ya betri ya volti 12, risiva kwenye hasi, chuma chakavu kwenye chanya. Ampea moja au mbili zinatosha, mapovu madogo tu. Haili chuma kizima. Chuma cha chanya kisiwe cha pua, kina kromiamu inayogeuka sumu kwenye maji. Fungua madirisha, gesi inayotoka ni haidrojeni, cheche moja inatosha.

#25 Chumvi_na_Kutu (Kisumu)
Maelezo sahihi, Umeme, na kwa sufuria au jembe ningekubali. Kwa hii, sivyo: hasi ndiko haidrojeni inakozaliwa, na mapovu yanakung'uta tabaka lile lenye maandishi. Chini ya daraja umeme haufiki vizuri, maji ya magadi yanafika na kubaki.

Njia yangu ni ya mkono. Mafuta mepesi, brashi ya waya wa shaba badala ya chuma, kijiti cha mianzi kilichochongwa, na wembe wa upasuaji uliolazwa, chini ya kioo cha kukuza. Unashusha kutu ya chungwa inayovimba, unaacha ile nyeusi iliyoshikamana. Msasa usiingie chumbani. Mguu wa daraja usiinuliwe. Safisha kinachotoka chenyewe.

Angalia pia kama kuna matone madogo ya chungwa yanayorudi baada ya kusafisha, kama jasho. Hiyo ni dalili ya kloridi. Ziwa letu ni la maji baridi, chumvi si nyingi kama pwani, ila bunduki iliyokaa stoo moja na magunia ya mbolea au ya chumvi ya ng'ombe huwa nayo. Ikitoa jasho, nta peke yake haitaizuia.

#26 Umeme_Mdogo (Nakuru)
Hata wahifadhi wa makumbusho hutumia elektrolisisi, hasa kwa mizinga iliyotoka baharini.

#27 Chumvi_na_Kutu (Kisumu)
Kweli, kwa sababu mizinga ile imejaa chumvi hadi ndani na isipotolewa inamong'onyoka. Ugonjwa tofauti, dawa tofauti.

#28 Miwati_Uasin (Eldoret)
Baada ya kusafisha, tanini. Inageuza kutu iliyobaki kuwa tabaka jeusi lililotulia. Gramu 50 hadi 100 za asidi ya taniki kwa lita moja ya maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongeza kwenye betri (hakikisha ni maji, si asidi ya betri, chupa zinafanana), pamoja na mililita 50 za spiriti ili yashike. Paka kwa brashi ngumu kidogo, sugua, acha ikauke siku moja, rudia mara mbili.

Na huku kwetu unga wa magome ya miwati umetengenezwa kwa miaka mingi kwa ajili ya ngozi. Ni tanini hiyohiyo, bei ya chini sana.

#29 Mwalimu_Metali (Eldoret)
Jirani, si hiyohiyo. Tanini ya miwati ni ya familia nyingine. Ile ya wahifadhi inatoka kwenye vinundu vya mwaloni na mimea kama hiyo. Zote zinashika chuma, ila ya miwati inatoa weusi wenye ukijani na ya vinundu weusi wenye ubuluu. Unga wa ngozi pia unakuja na sukari na chumvi zake.

#30 Miwati_Uasin (Eldoret)
Ukijani hauonekani chini ya nta. Miwati inatumika kwenye dawa za kuzuia kutu, si kitu cha kubahatisha. Ajaribu chini ya bati la kitako, mahali pasipoonekana, aache mwezi mmoja.

#31 Mwalimu_Metali (Eldoret)
Kujaribu hapo sipingi. Kwenye risiva ningesubiri. Na iwe tanini yoyote, isiingie ndani ya ufa: ni asidi pia, dhaifu lakini asidi. Ziba mdomo wa ufa kwa nta laini kabla ya kupaka, kisha itoe.

#32 Tupa_Laini (Kakamega)
Turudi kwenye swali la pili la #1. Kuziba: myeyusho wa Paraloid B-72 (gundi ya akriliki ya wahifadhi) kwenye asetoni. Mwepesi wa asilimia 5 uingie kwanza kwa kapilari, kisha mzito uliochanganywa na unga wa rangi nyeusi na kahawia ujaze mdomo. Unatolewa kwa asetoni wakati wowote. Epoksi usiweke moja kwa moja. Ikishika haitoki bila moto au kisu. Daraja lililolegea nalo lishikwe kwa B-72 nzito hiyohiyo, bila riveti mpya. Riveti mpya inagongwa, na nyundo karibu na ufa ni adui.

Lakini hilo liwe baada ya jibu la Chumvi kuhusu kutu hai. Ukifungia unyevu ndani ya ufa kwa Paraloid, umeutengenezea nyumba.

#33 FundiMoto (Nakuru)
Na kibonge cha welding? Nikisage?

#34 Tupa_Laini (Kakamega)
Kiache. Ni sehemu ya historia ya kitu: mtu fulani alikifunga kitako kisitoke. Pia huenda ndicho kilichotumika kuizima bunduki, na ukikisaga unagusa karatasi za polisi. Muulize Mtunza_Zamu.

#35 Mtunza_Zamu (msimamizi)
Sahihi. Welding yoyote kwenye silaha iliyozimwa isiguswe bila idhini ya maandishi. Kuchomelea risiva yenyewe ni kutengeneza silaha. Hiyo ni kazi ya mwenye leseni, si ya gereji. FundiMoto, hili ni lako hasa, ndugu.

#36 FundiMoto (Nakuru)
Nimelipokea. Mashine imezimwa.

#37 Mbao_za_Mzee (Bungoma)
Mkimaliza chuma, mbao zisilowe mafuta ya kupikia kama wengi wanavyofanya. Yanaoza na kunata. Mafuta ghafi ya kitani, kitambaa kiwe karibu kikavu, safu nyembamba sana, wiki kati ya safu na safu. Vitambaa vilivyotumika vitandazwe nje vikauke au vitumbukizwe majini. Vikifungwa pamoja vinajiwasha moto vyenyewe.

#38 Siki_Tatu (Kisii)
Na nta? Ya nyuki wa Baringo inapatikana kila mahali.

#39 Chumvi_na_Kutu (Kisumu)
Nta ya nyuki ina asidi kidogo na inavuta vumbi kwa joto la Kisumu. Nta ya maikrokristalini haina asidi; agiza Nairobi. Pasha chuma kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, kiwe vuguvugu tu, paka nyembamba, futa, rudia. Kijiti cha pamba kifike kwenye pembe za daraja.

Kishikio cha maonyesho kisiwe na sufu wala ngozi mahali panapogusa chuma, na kabati lisiwe la mbao mbichi. Sponji ya polietilini inafaa. Weka silika jeli ndani ya kabati na kipimo cha unyevu. Lengo ni chini ya asilimia 50, na huku kwetu bila kabati lililofungwa hufiki huko. Bunduki ilale kwa kuegemea pete ya mbele na kitako, uzito usikae katikati ya risiva.

#40 Kariakor_1917 (Kisumu)
Kuhusu kadi mpya, msiandike "ilitumika Bukoba" kwa kujaza pengo, kwa sababu najua wazo hilo litakuja. Uvamizi wa Waingereza huko Bukoba, mji uliokuwa wa Wajerumani, ulitoka Kisumu kwa meli Juni 1915, bado ni kabla ya 1917. Kinachoweza kuandikwa bila kubishaniwa: mtindo, mwaka, na kwamba bunduki za aina hii zilibaki mikononi mwa askari na polisi wa Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa. Na kama mnataka watoto waelewe 1914, waelezwe kwamba askari wengi wa upande wa Wajerumani walibeba bunduki za 1871 za baruti nyeusi, ambazo moshi wake ulionyesha walipo kila walipopiga.

#41 Mvumbuzi_Kitale
Familia iliyoitoa itakubali kadi kubadilishwa?

#42 Kariakor_1917 (Kisumu)
Waelezwe kwa heshima, mzee wa familia kwanza. Simulizi yao iandikwe kama simulizi, kando ya alama za chuma. Moja haiifuti nyingine.

#43 Nyanza_Hifadhi (Kisumu)
Shukrani kwa wote. Kipimo cha mafuta ya taa na chaki kimefanyika jinsi Mwalimu alivyoeleza. Nje umetokea mstari wa unyevu, milimita 34, mrefu kuliko ule unaoonekana kwa jicho. Ndani umetokea mstari wa milimita 11 tu, upande wa juu, karibu na tundu la riveti. Rula za Tupa_Laini: kuna tofauti ndogo, kwenye upana wa rula ya sentimita 30 ncha moja iko juu kwa milimita moja na nusu. Kioo cha kukuza: mdomo mpana juu, tabaka za kutu zipo. Alama: "Ld" haipo. Mishale ncha kwa ncha ipo, karibu na taji.

#44 Chumvi_na_Kutu (Kisumu)
Tabaka, mdomo mpana juu, na umepenya kwenye riveti tu. Kutu.

#45 Tupa_Laini (Kakamega)
Milimita moja na nusu ni mpindo, na umepenya kwenye riveti kwa sababu hapo ndipo paliachia kwanza iliposokotwa. Kutu ilikuta mlango wazi ikaingia. Tabaka zinaeleza kilichofuata, si kilichoanza.

#46 Mwalimu_Metali (Eldoret)
Ubapa wa mtutu hutegemea pia ulivyokazwa. Kama mtutu uliwahi kubadilishwa na haukufika alama yake, rula zitatofautiana bila risiva kupinda hata kidogo. Nyanza_Hifadhi, chini ya mbao, pale mtutu unapokutana na risiva, tafuta mikwaruzo miwili mifupi ya patasi, mmoja kwenye mtutu na mmoja kwenye pete. Piga picha ya karibu kwa mwanga wa pembeni, namba ikiwa imefunikwa. Zikikabiliana, mtutu uko mahali pake na mpindo ni wa risiva. Zikipishana, pima zimepishana kiasi gani kabla ya kuondoa ile chaki.